Habari ya Sukari

Saa tano usiku, Chiromo. Jenereta imeshika.
Chini ya hadubini, tone la maji
nililochota asubuhi darajani, Gikomba,
kwa kopo la mtindi na kamba,
Musembi akinishika mshipi nisiteleze.

Ndani ya tone wanakimbia, wanabiringika, wanakimbia.
Hawana jicho. Hawana pua.
Wana protini zilizopenya utando
kama msumari uliotoboa bati:
kichwa nje, kwenye baridi ya maji,
mguu ndani, kwenye uji wa uhai.

Nimedondosha sukari pembeni.
Na hapa ndipo ninapopapenda:
kwa msumari huo sukari haiingii.
Hugusa kichwa tu, mgeni wa getini
aachaye jina lake kwa mlinzi.
Msumari hujipinda kidogo,
kipimo ambacho kwacho unywele ni gogo,
na kule chini mikono iliyokuwa ikipokezana fosfeti,
shika, mpe mwenzio, naye aipe injini,
inanyamaza.
Ukimya huo ndio ujumbe.
Mikia inasukwa ukili mmoja,
mdudu ananyooka kuufuata utamu.

Kisha anazoea.
Vichembe vinabandikwa mguuni mwa msumari,
kimoja, kingine,
hadi utamu ule ule usiwe habari tena.
Anachopima ni tofauti tu:
sasa, na punde iliyopita.

Jumamosi binamu yangu Khalayi alifika kutoka Kitale.
Akasimama mlangoni, leso puani.
"Mnaishije na harufu hii?"
Nikamuuliza, tena kwa dhati:
harufu gani?

Mto uko hatua arobaini kutoka kitandani mwangu.
Mwaka wa kwanza nilifunga dirisha kila jioni,
nikaziba na ufa kwa gazeti.
Sikumbuki niliacha lini.
Mdudu huzoea ili asikie kinachofuata.
Mimi nilizoea, nikalala.

Nadondosha siki.
Mikono ya chini yaamka, fosfeti yapita,
ukili wafumuka,
tone zima labiringika likitafuta upande.

Musembi anagonga na funguo zake:
"Daktari, tunafunga."
Mimi si daktari, na anajua.
Nafungua dirisha lililo upande wa mto.
Nusa, namwambia.
Ananusa, kichwa nje, miguu ndani.

"Nini?"