Nipe Mji

Duka langu liko Langoni, hatua ishirini toka lango la shule.
Kengele ya saa nne naijua kuliko walimu:
inapolia, mkono wangu umeshafika kwenye krispi,
za kumi kumi, zimening'inia kama nguo za harusi,
na chini yake peremende, na zile juisi za unga
zinazotia ulimi wino hadi Magharibi.
Sikuuza sumu. Niliuza nilichoulizwa.

Jumanne moja kengele ikalia, nikangoja.
Hata mguu.
Jumatano wawili tu, wa chekechea.
Alhamisi nikarudisha mlango, nikaenda kuchungulia.

Darasa la tano zima limejazana barazani kwa jirani.
Kahindi kafungua gazeti: muhogo wa kuchoma,
umepasuliwa, umesuguliwa ndimu na pilipili,
moshi bado haujauacha.
Shekuwe ana nazi iliyokatwa nyembamba kama kucha,
imekaangwa kavu kwa chumvi,
inalia mdomoni hadi nilipo nasikia.
Na Mwanamkuu binti Lali, shavu moja limevimba
(jino lilitoka Jumatatu, mtaa mzima tulimsikia),
ndiye mgawaji.

Aliponiona hakuamkia. Alisema:
"Kitendawili!"
Nami mtu mzima, ulimi ukanitangulia: "Tega."
"Nimenunua mfuko, nimepewa upepo."

Walicheka hadi muhogo ukawapalia.
Jibu nilikuwa nimelitundika dukani, safu tatu.
Nikajitetea: mna viazi humo, vya kweli!
"Vingapi?" akauliza Shekuwe.
Tukafungua mmoja, tukahesabu juu ya baraza.
Kumi na moja. Na kimoja kilikuwa nusu.

Sikupenda kushindwa na mtoto mwenye pengo.
"Tega tena," nikasema.
"Kikongwe ana jiwe tumboni, na kila mtoto anambusu."
"Tende."
"Tende hununuliwa. Huyu ni wa bure."
"Zambarau?"
"Zambarau ina mikunjo?"
Nikakuna kichwa. Nikatazama juu, nikatazama viatu vyangu.
"Nipe mji," akasema.

Nikampa Malindi. Akasema ana mjomba huko, tayari ni wake.
Nikampa Mombasa pamoja na kivuko. Akatikisa kichwa.
"Nipe rafu ya mbele."

Ile ya chini ya dirisha, inayofikiwa na mkono wa mtoto,
ambayo watu wa krispi hunipa kalenda kila mwaka
ili nisiwawekee mwingine.
Nikawatazama. Wamenyamaza wote, hata watafunaji nazi.
Mji ni mji. Aliyeshindwa hachagui.
"Chukua. Sema jibu."

Akafungua kiganja.
"Kunazi. Mkunazi wako, nyuma ya duka.
Kila asubuhi unazifagia, unazitia kirobani,
na punda wa taka anakwenda nazo."

Nikatia moja mdomoni. Ngozi kwanza, inakataa kidogo,
kisha unga mtamu, na uchachu unaokuja kwa mbali,
na mimi nina miaka minane, magoti yamechubuka,
nimejificha juu ya mti huohuo, naitwa, siitiki.

Sasa rafu ni yao. Kopo la kunazi, zimeoshwa mara mbili,
nazi ya Shekuwe, muhogo wa mamake Kahindi
ambao hauvuki saa nne na robo.
Bei wanapanga wao. Mimi hupewa shilingi mbili katika kumi,
na Mwanamkuu huzihesabu mbele yangu
kama mtu asiyeniamini.

Krispi nimezipandisha juu, jirani na betri na viberiti.
Bado zinauzwa, sitadanganya, Ijumaa hasa.
Wiki iliyopita Shekuwe mwenyewe alikuja, akaangalia nyuma,
akanionyesha kwa kidevu.
Akaupasua mfuko, akaufinya kwanza karibu na sikio langu.
"Upepo," akasema,
akala vyote kumi na moja,
kisha akapeleka mkono kwenye kopo.