Sharti la Tatu

Sharti la kwanza: uwe raia.
Nikatoa kitambulisho, na ile picha
ya enzi zangu za mashavu.
Sharti la pili: uwe huna kazi.
Nikacheka. Jebichii naye akacheka,
nyuma ya kioo chenye tundu la kupitishia sauti,
kisha akakumbuka yuko kazini, akanyamaza.

Sharti la tatu: barua ya mwajiri,
yenye muhuri, ithibitishe kwamba uliachishwa.
Hapo nikashika ukingo wa kaunta.

Maana mwajiri wangu, dada,
alihama usiku wa Jumapili na cherehani mia mbili na kumi na nne,
yangu ikiwemo, namba thelathini na tisa,
iliyokuwa ikikataa uzi mweusi
kama mtoto anavyokataa dawa.
Jumatatu tulikuta mnyororo langoni
na karatasi: TUTAWAJULISHA.
Miaka kumi na mmoja niliunga mikono ya mashati
ya wanaume nisiowajua, wenye mabega mapana,
na hadi leo sijajulishwa.

"Bila barua," akasema, "mfumo unakuona umeajiriwa."

Basi mfumo unilipe, nikamwambia.
Kama huko ndani bado nina kazi,
mwisho wa mwezi umepita mara saba
na mwenye nyumba wangu hana mfumo,
ana kufuli.

Akaniomba kidole. Mashine ikakikataa.
Akanipangusia kwa kitambaa, ikakikataa tena:
kovu la sindano limepita katikati ya alama,
mwaka ule wa oda ya krismasi,
tulipofungiwa ndani hadi saa nane usiku.
Huu hapa ushahidi, nikasema.
Akatazama kidole, akatazama skrini.
"Hakuna mahali pa kuujaza."

Nikatoka Makadara kwa miguu hadi Lunga Lunga.

Okwemba alikuwepo langoni,
na sare yake, na tochi mchana kweupe,
akilinda mabati na paka watatu.
Nani anakulipa? nikamuuliza.
"Hakuna."
Na mbona huondoki?
"Hakuna aliyeniambia niache."
Alisema hivyo kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Nyuma ya kalenda ya mwaka juzi akaandika,
kalamu ikikwama kwenye kila herufi ya mduara:

*Mimi Okwemba, mlinzi, nathibitisha
Syombua aliingia hapa saa moja kasoro dakika kumi,
akatoka giza limeshaingia, miaka yote.
Siku ya mwisho hakubeba kitu. Nilimpekua mwenyewe.
Sasa haingii.*

Na muhuri?
Akapekua droo ya kibanda: misumari, betri, glavu moja.
Muhuri uliosalia ulikuwa wa stoo.
Akaupulizia pumzi, wino ukaamka,
akaugonga chini ya jina langu:
BIDHAA IMEPOKELEWA IKIWA NZIMA.

Usiku ule niliamka saa kumi na moja, kama kawaida,
mguu wangu ukikanyaga pedali isiyokuwepo.
Mwanangu Mumo akasema, "Mama, lala, leo hakuna kazi,"
kwa sauti ya mtu aliyezoea kulisema.

Jebichii aliisoma ile barua mara mbili.
Aliposoma muhuri, midomo yake ilitembea bila sauti.
Sikumwomba chochote. Nilitazama kikombe chake,
kimeandikwa jina la benki iliyofungwa.
Akaitoboa karatasi matundu mawili,
akaitia kwenye faili la buluu, la "Zinazosubiri,"
nene kama mkate wa arusi.

"Sikuahidi kitu," akasema.
Nikamjibu sijasikia ukiahidi.

Nilikuwa nimeshageuka alipogonga kioo kwa pete.
"Na huyu mlinzi? Mwambie naye aje.
Mlango hufunguliwa saa mbili."

Hatapita, nikasema.
Sharti la pili.
Yeye yuko kazini.