Kichwa cha Udongo, Kamalondo

Nilikikuta chini ya meza ya Numbi, sokoni mtaa wa Kenya,
kati ya pasi ya makaa isiyo na mpini
na daftari za hesabu zilizoliwa na mchwa.
Vilikuwa vichwa vitatu vya udongo wa kuchoma:
cha mwanajeshi mwenye kofia, rangi imemchuruzika shingoni;
cha msichana anayemchekea mtu tusiyemwona;
na hiki.

"Usinunue kwa macho," Numbi akasema,
"macho yana haraka."
Akakigonga kwa ukucha, juu ya paji.
Sauti ikaenda mbali, ikarudi.
Akagonga cha mwanajeshi: tup, kama ubao.
"Kina ufa, wamekiziba kwa rangi ya kucha.
Udongo ukiuuliza, unajibu."

Akakipindua. Chini, mwaka uliokwanguliwa kwa msumari,
hamsini na sita,
na herufi mbili za jina la mwenye karakana.
Pua imemeguka kidogo, upande wa kushoto.
Nikaomba apunguze bei kwa ajili ya pua.
Akasema pua ndiyo bei.

Nilikibeba kwa miguu hadi Kamalondo,
nimekifunga katika kitenge, kifuani,
na njia nzima watu wakaniuliza mtoto anaendeleaje.

Sasa, pa kukiweka.
Ukutani tuna sahani za shaba zilizogongwa nyundo,
tembo watatu na mtumbwi,
na ule msalaba wa shaba wa babu, mzito kama deni.
Nikakijaribu kati yao:
kikawa mgeni aliyeingia kwenye picha ya harusi ya watu.
Nikakipandisha juu ya bufe,
juu ya kitambaa alichofuma marehemu Musoka:
kikawa keki.
Nikaondoa kitambaa. Nikaondoa maua ya plastiki,
saa iliyokufa, kalenda ya benki iliyofungwa.
Siku tatu nilikuwa naondoa tu,
mpaka nyumba ikaanza kupumua.

Mwisho, dirisha la magharibi,
juu ya cherehani ya Musoka, iliyonyamaza naye.
Saa kumi jua likaingia
na vumbi jekundu la barabara,
likampa mashavu.
Hapo ngeli ikanigeukia mdomoni:
nilikuwa nasema hiki, nikasema huyu.

Mama Kapya wa kikundi cha maombi aligoma kuketi.
"Sanamu hiyo inakutazama usiku?"
Nikamwambia haina mboni, mfinyanzi aliacha macho matupu.
"Ndiyo hatari yenyewe," akasema,
akanywa chai akiwa wima, vikombe viwili.
Fundi Mwepu akaapa ni shangazi yake wa Kipushi,
yule aliyekataa kuolewa mara mbili.
Mjukuu wangu Plamedi akamzunguka, mikono nyuma, kama mkaguzi:
"Huyu yuko hospitali. Anangoja namba yake iitwe."

Umeme ukikatika, na hukatika,
mshumaa humpeleka ukutani akiwa mkubwa,
na pengo la pua hupita juu ya tembo
kama dirisha dogo linalohama.

Jana nilikuwa nampangusa.
Nikapitisha mkono shingoni, kutoka chini,
ndani, ambako hakuna rangi wala mng'ao,
udongo mkavu tu, unaokwaruza.
Nyuma ya paji nikakuta vishimo:
vidole vilivyosukuma kutoka ndani
ili sisi huku nje tuone uso.
Vinne vimejipanga, na cha gumba peke yake.
Chini wameandika jina la mwenye karakana.
Huku ndani hakuna aliyeandika kitu.

Nikaweka kidole gumba changu palepale.
Kikakwama kwenye kiungo.
Nikamwita Plamedi, ana miaka kumi na mmoja.
Chake kiliingia,
na hakukitoa upesi.