Rekebisha Baadaye

Ujumbe ulitoka kwa Ugnė, mwanafunzi wa Kaunas,
saa tisa usiku, bila salamu:
Mlango wenu wa kuchapia hauna komeo.
Nimepita mara tatu. Sikugusa kitu.
Nawapa siku tisini kabla sijasema kwa sauti.

Nikavaa soksi za pili. Tartu ilikuwa na baridi
ya kupasua chupa roshani.
Nikafanya alivyoeleza: nikaiamuru kompyuta kuukuu
ijiite printa, ijitangaze mtandaoni
kama mgeni apigaye hodi na kujikaribisha mwenyewe.
Mfumo ukaitika. Ukamwuliza jina tu.
Ukampa kiti, ukampa chai,
kisha funguo za nyumba nzima.

Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta.
Hawakusema la kufanya
ukuta ukizaliwa na ufa wake.

Nikaufuata ule mstari wa msimbo hadi siku ulipoandikwa,
miaka ishirini na sita nyuma. Juu yake mwandishi
ameacha maneno mawili na herufi mbili:
rekebisha baadaye. E. R.

Endel Raudsik amestaafu, anafuga nyuki karibu na Põlva.
Masikio yake mazito, ikabidi nipaze sauti
kwa jambo lililostahili mnong'ono.
Alinyamaza. Kisha: “Leelo, wakati ule
chumba kilikuwa na printa moja,
na ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwangu.”
Hakujitetea zaidi. Akauliza kama kwetu theluji imeanguka.

Shida ya printa ni kwamba hakuna anayeiogopa.
Watu huweka nywila kwenye benki, kwenye simu,
hata kwenye daftari la mapishi,
nayo iko pembeni pale, inakohoa karatasi,
imetwikwa chungu cha maua.
Nani angedhani mwizi ataingilia
kinywani mwa mashine isiyojua neno
ila “wino umekwisha”?

Kiraka cha kwanza kilikuwa mistari kumi na mmoja.
Nilijisifu, nikala keki.
Kesho yake Urmas wa hospitali ya Võru,
anijaribiaye kila toleo, akaandika:
mashine ya wodi ya wazazi imegoma.
Ile ya kuchapa vitambulisho vya watoto wachanga.
Ni ya zamani, haijui kuthibitisha kuwa ni yenyewe.
Usiku kucha watoto wawili
walivaa majina yaliyoandikwa kwa kalamu.

Kumfungia mwizi, kumbe, ni kazi ya mchana mmoja.
Kumfungia usimwache mwenye nyumba barazani,
hapo ndipo nilipofumua, nikashona,
nikafumua tena.

Siku ya themanini na tatu.
Sasa abishaye hodi anaulizwa atokako na amjuaye,
na hata akijibu vyema halali chumba cha mwenye nyumba:
ana kijichumba chake, hakina mlango wa ndani.
Mkongwe wa Võru nimemwandika orodhani kwa jina,
kama bibi asiye na cheti cha kuzaliwa
ambaye mtaa mzima unamjua.
Ugnė akajaribu upya. Akajibu: Pamefungwa.
Baada ya saa moja: Asante.

Yakabaki yale maneno mawili.
Kidole kilisita juu yake kuliko juu ya tundu lenyewe.
Niliyafuta. Lakini kwanza niliyachapa,
yenyewe tu, katikati ya karatasi nyeupe;
ikatoka ina joto kama mkate,
nikaitia bahasha, nikaituma Põlva.

Wiki ya pili ikaja chupa ya asali,
na kikaratasi cha mwandiko unaotetemeka:
Upo mwingine. Sikumbuki uliko.
Tafuta neno “kwa muda”.