Nati Iliyobaki

Ijumaa, Ibra, alfajiri imetoka sasa hivi.
Jua halijafika kwenye mabati ya kibanda.
Najilaza juu ya kadibodi la friji
na kujisukuma chini ya gari, kwa visigino,
miaka hamsini na mitatu,
kanga kiunoni juu ya suruali ya marehemu baba.

Huku chini ndiko tunakojuana.
Difu ya nyuma inatoka jasho. Si kuvuja, jasho tu.
Springi ya kushoto imenuna tangu mwaka wa mafuriko.
Nagonga chesisi kwa mpini wa nyundo
na mchanga unashuka, mwekundu, mkavu,
unaniingia sikioni.
Wa safari ipi huu?
Mwaka wa nne sijakanyaga Wahiba.
Baba ndiye aliyekuwa akishusha upepo wa tairi
hadi zikatoka mbavu, akisema,
"Kwenye mchanga, anayejikaza ndiye anayezama,"
halafu yeye mwenyewe akikaza kila nati
kama mtu anayeidai.

"Azzan, angaza mkono wangu, si uso wangu."
Mshika taa hana haki duniani:
spana ikiteleza, kosa lake,
kidole kikichubuka, kosa lake,
bolti ikikatika, hata wazazi wake wamo.
Najua. Nimeishika taa hii miaka kumi na minane.

Nyumba yetu kila jambo na lugha yake.
Bei ya mbuzi, Kiarabu.
Karatasi ya hospitali, Kiingereza.
Lakini nati iliyoshikwa na kutu
haisikii ila Kiswahili, na Kiswahili chenyewe
kile cha gereji ya Wete, cha malori ya karafuu,
ambacho bibi alikuwa akikikoholea makusudi
kisitufikie.
Nakitumia sasa. Pole pole kwanza. Kisha kwa sauti.
Inaachia.
Azzan anacheka mpaka mwanga unacheza.
"Shangazi, hilo la mwisho maana yake nini?"
"Maana yake namba kumi na saba. Nipe."

Grisi mpya naisukuma mpaka ile nyeusi itoke
taratibu, kama mgeni aliyekwisha kutikisa kikombe.
Oili inateremka kwenye beseni la zamani la kukandia unga,
nyembamba, moto bado,
na harufu ya tende zilizoungua.

Hilal anapiga simu kutoka Maskati: liuze,
chukua jipya, lina kamera ya nyuma.
Mimi nyuma naona kwa shingo, namwambia.
Anasema hayo ndiyo maneno ya baba.
Sijui kama amenisifu.

Saa tatu. Mabati yanaanza kulia kwa joto.
Kila kitu kimerudi mahali pake
na kwenye kitambaa imebaki nati moja.
Sote wawili tunaitazama.
Baba angeitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga
(zimo humo arubaini na zaidi)
akaiita zaka ya gari: kilichobaki, halikukihitaji.
Na kweli gari lilitembea. Mpaka Salala na kurudi.
Mara moja tu tuliacha kitu barabarani,
naye akasema hakikuwa chetu.

Nawasha. Linakohoa, linatema moshi wa buluu,
linakamata, linatulia.
Azzan anapiga makofi.
Mkebe uko pale rafuni, kifuniko wazi.

Miaka thelathini nimesahihisha hesabu
za watoto wa watu.
Jibu likizidi kwa moja, ni kosa.

Nazima injini.
Narudi kwenye kadibodi, visigino vikiungua.
"Lete taa."