Nyuma ya Simtanki

Miaka kumi na tisa nimeishi Segerea
nikidhani nawajua wote wanaokula kwangu:
kinyonga wa kwenye mpera, siafu wa masika,
jongoo, na kenge mmoja mwizi wa mayai.

Aliyemwona ni Sikudhani, binti aliyenisaidia kazi.
Alikuwa akisugua masufuria nyuma ya simtanki,
pale bomba linapovuja na matembele hayakauki.
"Mama, usimwage maji ya moto. Kuna mtu hapa."
Mtu!
Kibuibui asiyefika punje ya ulezi,
mgongo wa buluu kama moto wa jiko la gesi,
akiburuta mayai yake kwa uzi mmoja,
saba, kama tasbihi iliyokatika.

Nikamtia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi
(Mungu anisamehe) na spiriti ya kabati la marehemu,
nikampelekea Dokta Kihwelo kule Mlimani.
Akachungulia kwenye hadubini. Akavua miwani, akaivaa.
"Huyu hayumo."
Hayumo wapi?
"Kwenye vitabu. Hayumo."

Miezi kumi na minne, ndipo barua.
Ni mpya duniani. Wanataka jina.
Dokta aliona lifaalo ni langu: bustani yangu,
hati ya kiwanja yangu, hata kichupa changu.
Usiku nililijaribu mdomoni pamoja na mkia wake wa Kilatini.
Tamu. Sifichi.

Asubuhi nikampigia Sikudhani, yuko kwao Handeni,
ameolewa, mtoto analia mgongoni.
Nikamwambia, yule mdudu wako hajapata kujulikana na mtu.
Akacheka mpaka mtandao ukakatakata.
"Yule? Si kivutashanga, mama?
Bibi alitukataza kumkanyaga. Kisimani kwetu wamejaa tele."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Kumbe mgeni ni mimi.

Kwenye fomu nimeandika: sikudhani.
Dokta akauliza, hilo ni jina au ni mshangao?
Nikamwambia andika tu.

Leo fundi amekuja na vitofali vya kupanga uani.
Mwanangu Erasto amelipa, anasema matope ni aibu kwa wageni.
Nimechora mstari kwa jivu la mkaa,
kutoka ukutani hadi kwenye mchaichai:
mwisho wako hapa, fundi.

Na bomba je, alibane?
Liache. Livuje.