Konzi ya Juu

Kopo langu la kupimia ni la maziwa ya mtoto,
limebonyea upande mmoja. Wateja wa Kadutu hulikagua
kama askari wa kizuizini anavyokagua karatasi:
"Mama Nsimire, hapa unatuibia."
Najaza maharagwe mpaka ukingoni, nasawazisha kwa kiganja,
halafu natia mkono guniani tena,
naongeza konzi moja juu. Matabishi.
Hiyo hailipiwi. Hata mimi siihesabu.

Kule mlimani tulikuwa na kanisa la mbao,
ngoma mbili, madirisha bila vioo,
na mabenchi aliyoyaranda Balagizi mwenyewe.
Walikuja Jumatano, katikati ya maombi,
wakauliza nani anashika ufunguo wa stoo ya sadaka.
Mume wangu alikuwa na mafua wiki ile.
Alipenga kamasi kwanza, akakunja kitambaa,
akanipa, kisha akasimama:
"Ni mimi."
Walimpekua, hawakuuona.
Wakamwambia basi alitukane Jina mbele yetu
aende zake nyumbani.
Alikohoa. Tukadhani anajiandaa.
"Siwezi," akasema. "Samahani."

Samahani!
Kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai.
Neno hilo nimelikasirikia miaka mitatu.
Usiku mmoja natamani angenguruma kama nabii;
usiku mwingi natamani angedanganya tu,
tukarudi kulala. Mungu si angeelewa?

Kitambaa nilikifungua siku ya pili, porini.
Ndani, ufunguo.
Stoo ilikuwa imekwisha kuungua.

Cirhuza alikuwa na miaka sita.
Juu ya Cirhuza sisemi.

Bukavu ilitupokea kwa mvua.
Hapa nyumba zimepandana mabegani,
paa la jirani liko chini ya miguu yangu,
na usiku wa tope kila mtu hulala na viatu.
Kanisani waliniambia neema inatosha.
Nikapiga makofi pamoja nao, mikono baridi.

Aliyenifundisha neno lile ni Nabintu,
mwanamke wa meza ya tatu, anayesali kwingine.
Alinikopesha nusu gunia bila karatasi.
Nilipomrudishia alihesabu noti mara mbili,
maana pesa ni pesa,
akanipimia kopo nililonunua,
akasawazisha, halafu akatia mkono tena.
Nililia palepale, mkusanya kodi akinitazama.

Nilidhani neema ni gunia: unalo au huna.
Kumbe ni ile konzi.
Haijazi pipa. Pipa langu huisha,
sitasema uongo, Alhamisi huwa limeisha.
Lakini kila nilichopimiwa, hata uchungu
uliosawazishwa kwa kiganja mpaka ukingoni,
juu yake palikuwa na kitu ambacho sikukilipia:
homa ya Nsimire iliyoshuka njiani, bila dawa;
kijana mwenye bunduki aliyetazama pembeni tukapita;
usingizi, baadhi ya siku.

Jumamosi iliyopita alikuja mtu wa koti la kijani.
Sauti niliijua kabla ya uso.
"Bei gani?" aliuliza,
kwa sauti ileile iliyouliza ufunguo.
Hakunitambua. Kwa nini anitambue?
Alitaka vikopo viwili. Nikajaza.
Nikasawazisha. Kiganja kilitetemeka
na punje zikamwagika mezani.
Ufunguo ulikuwa hapo, shingoni, ndani ya blauzi,
umepata moto wa ngozi yangu.
Nikatia mkono guniani.
Ulikaa humo muda mrefu.
"Mama, vipi?" akasema. "Mvua inakuja."
Nikamwambia Bwana, kimoyomoyo: Siwezi. Samahani.
Na mkono ulipotoka
haukuwa mtupu. Sijui nani aliujaza.

Akaenda zake.
Mimi nikazunguka nyuma ya ukuta, nikatapika.
Nsimire akaja, akanishika paji la uso:
"Mama, una homa."
Sina, nikamwambia. Funga gunia,
lisije likalowa.